Kwa wanaoanzisha kampuni changa kwa mara ya kwanza: ifuateni shilingi kabla ya kulifuata wazo

Wanajamvi, salaam.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya wale wanaotaka kuanzisha kampuni changa, yaani biashara yenye wazo jipya na nia ya kukua haraka, na ambao hawajawahi kuendesha biashara yoyote kabla. Kazi yangu ni kuandaa hesabu za kampuni ndogo hapa Dar es Salaam, na waanzilishi wengi hunifikia katika nyakati mbili: siku wanayotaka kujua kama wasajili kampuni au jina la biashara, na siku TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, inapowaandikia barua. Kati ya siku hizo mbili huwa kuna mengi ambayo hawakuyapigia hesabu, na karibu yote yanahusu jambo moja tu: shilingi inatoka mfukoni mwa nani, inapita wapi, inakaa huko kwa muda gani, na inaporudi imebaki nzima au imemegwa njiani. Mwenye kulijua hilo aweza kuwa na wazo la kawaida kabisa na akadumu. Asiyelijua atashangiliwa kwenye kongamano la ubunifu na baada ya mwaka atakuwa anauza viti vya ofisi.

Nianze na kuuza, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanaporuka. Kijana akipata wazo, jambo la kwanza ni kumtafuta mtaalamu wa kumtengenezea programu ya simu, anamlipa fedha alizozikusanya kwa taabu, na programu inapokamilika hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kulipia huduma yenyewe. Tuseme wazo lako ni kuwapelekea mama lishe wa Sinza viazi na vitunguu kutoka soko la Mabibo. Huhitaji programu ili kujua kama wanautaka mzigo wako. Unahitaji simu, Lipa Namba, daftari, na uwezo wa kufika sokoni kabla ya mapambazuko, wakati malori yanashusha. Wiki chache za kufanya hivyo zitakufundisha mambo ambayo hakuna dodoso litakalokuambia: kwamba mama lishe hanunui kwa kilo kama ulivyopanga kwenye programu yako bali kwa sado na ndoo, kwamba vitunguu vidogo havitaki hata ukimpunguzia bei, kwani kuvimenya kunamla muda, na kwamba asubuhi hana fedha, kwa sababu fedha yake inaingia baada ya wateja kula mchana, kwa hiyo atataka uje uichukue saa tisa alasiri. Hilo la mwisho peke yake linabadilisha biashara yako yote, kwa maana sasa kila siku umekuwa mkopeshaji hadi saa tisa bila kujitangaza.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika ukanda wetu ni M-Pesa, na nashangaa kwamba hutajwa sana kwa ukubwa wake na ni mara chache kwa namna ilivyoanza. Majaribio yake yalianza Kenya mwaka 2005, Safaricom na Vodafone wakisaidiwa na fedha za Serikali ya Uingereza, na lengo halikuwa kutumiana fedha. Lengo lilikuwa kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu. Waliokuwa wakiyasimamia majaribio hayo waligundua kwamba watu wanafanya mambo mengine kabisa: wanatumiana fedha wao kwa wao, wanaweka fedha mji mmoja na kuzitoa mji mwingine ili wasisafiri nazo. Wakati huohuo taasisi ya mikopo ilikuwa ikihangaika kuoanisha mfumo huo na vitabu vyake. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ujumbe wake kwa umma ulikuwa kutuma fedha nyumbani. Angalieni kilichotokea hapo: walikuwa na mpango ulioandikwa, wenye mfadhili, na bado walikuwa tayari kuyasoma matumizi halisi ya watu wachache na kuuacha mpango.

Hapa kwetu NALA ilianza kama programu ya kumrahisishia Mtanzania miamala ya simu, kisha mwaka 2021 ikahamia kwenye kuwawezesha walioko Uingereza, Marekani na Ulaya kutuma fedha Afrika, na Julai 2024 ikatangaza kupata dola milioni 40 za wawekezaji. KopaGas ya Dar es Salaam nayo ilishika jambo ambalo kila mpangaji wa Tandale analijua: mtungi wa gesi ni nafuu ukiuhesabu kwa mwezi, lakini hakuna anayeishi kwa mwezi, mkaa unashinda kwa sababu unauzwa kwa kopo. Wakafunga mita kwenye mtungi ili mtu alipie gesi kidogo kidogo kwa simu, na mwaka 2020 teknolojia yao ikanunuliwa na kampuni ya Circle Gas kwa dola milioni 25. Gesi ni ileile. Walichokibadilisha ni mpangilio wa malipo, ukafanana na namna fedha inavyoingia mfukoni mwa mlipaji.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa naomba msomaji achukue kalamu. Kabla ya kuzungumzia mauzo ya mwezi au ya mwaka, fanya hesabu ya oda moja. Turudi kwa mama lishe wetu, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Oda yake ni shilingi 30,000. Mzigo umeununua sokoni kwa 26,000, hivyo mkononi una 4,000, na waanzilishi wengi huishia hapo wakaiita faida. Bodaboda wa kuupeleka ni 2,500. Gharama za muamala tuseme 400. Vilivyooza, vilivyopondeka na vilivyokataliwa mlangoni, ukivigawanya kwa kila oda, ni 900. Kijana anayepanga na kupima mizigo anakula 500 kwa oda. Simu na bando ni 200. Jumla ni 4,500. Umempelekea mteja mzigo, ameshukuru, na umepoteza 500.

Ukiwa na oda 40 kwa siku unapoteza 20,000, na unaweza kuivumilia hasara hiyo kwa kujifariji kwamba ni gharama ya kujitangaza. Ukifikisha oda 400 unapoteza 200,000 kila siku. Nimeona watu wazima wenye shahada wakiamini kwamba hasara ya oda moja itageuka faida oda zikiwa nyingi, bila kuonyesha ni gharama ipi kati ya hizo itakayopungua na kwa sababu gani. Gharama haipungui kwa sababu ya wingi. Inapungua kwa sababu ya mpangilio. Katika mfano wetu ipo moja inayoweza kupungua: usafiri. Ukipata wateja 15 katika mtaa mmoja, ukakodi bajaji moja kwa 15,000 iwazungukie wote asubuhi moja, usafiri unashuka hadi 1,000 kwa oda, gharama zote zinakuwa 3,000, na sasa kila oda inakuachia 1,000. Kwa hiyo wateja 15 wa mtaa mmoja wa Sinza wana thamani kubwa kuliko wateja 60 waliotapakaa kutoka Mbezi hadi Gongo la Mboto, ingawa hao 60 ndio watakaopendeza kwenye wasilisho lako kwa wawekezaji.

Mambo haya yamezipata hata kampuni zilizokuwa na fedha nyingi. Kune, kampuni iliyokuwa ikipika na kusambaza milo Nairobi, ilipata dola milioni 1 za wawekezaji mwaka 2021 na kufungwa Juni 2022. Ilipotangaza kufunga ilieleza kwamba bei ya mlo, kama dola 3, haikutosha kuibeba biashara huku gharama za chakula zikipanda na wawekezaji wakibana mifuko. Copia, iliyoanza Kenya mwaka 2013 ikiwauzia watu wa kipato cha chini na cha kati kupitia mawakala wa mitaani, ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 katika maisha yake, ikaondoka Uganda mwaka 2023, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi baada ya kukosa fedha zaidi. Sizitaji kwa kejeli; waliozijenga walifanya kazi ngumu, na mtu wa Copia aliyefikisha unga kijijini aliufikisha kweli. Nazitaja kwa kuwa fedha ya mwekezaji inaweza kuificha hesabu ya oda moja kwa miaka, lakini haiwezi kuibadilisha.

Jambo linalofuata ni mali kauli. Wazee wa Kariakoo wamejenga utajiri kwa mali kauli, mtu akichukua mzigo kwa neno lake na kulipa akishauza, lakini wao walijua wanamkopesha nani, kwao wapi, na nani mwingine anamdai. Kampuni changa huingia kwenye mali kauli kwa mlango wa heshima: inapata mteja mkubwa. Duka kubwa au hoteli inakubali kuchukua bidhaa yako, mnafurahi, mnapiga picha, na kwenye mkataba pameandikwa kwamba malipo ni baada ya siku 60. Tuseme unawapelekea bidhaa za shilingi 500,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hadi malipo ya kwanza yaingie utakuwa umeshawapelekea bidhaa za milioni 26, na kama gharama yako ni 85% ya bei, basi zaidi ya milioni 22 za kwako zimelala kwao bila riba, na bado mkulima, dereva na mwenye ghala wako wanataka taslimu. Kampuni inaweza kufa kwa namna hii huku vitabu vyake vikionyesha faida kila mwezi. Ukiona mteja mkubwa anakuja, usiulize kwanza atanunua kiasi gani. Uliza analipa lini, kisha watafute wanaomuuzia tayari uwaulize kama kweli analipa siku hiyo.

Kodi inaongeza uzito hapo. Kwa Tanzania, biashara iliyosajiliwa kwenye VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, huwasilisha ritani (taarifa ya hesabu za kodi) na kulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kodi hiyo inahesabiwa kwa ankara uliyotoa hata kama mteja hajalipa senti. Ukitoa ankara ya huduma ya milioni 10, VAT yake ya 18% ni 1,800,000, na unadaiwa wewe wakati aliyepewa huduma bado anatafuta wa kumsainia malipo. Kizingiti cha kulazimika kujisajili kwenye VAT kilipandishwa mwaka 2023 kutoka mauzo ya milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, na hiyo ni nafuu kwa wengi wenu, ila msijisajili kwa hiari ili tu muonekane wakubwa.

Kuhusu usajili nitasema kwa ufupi, kwa kuwa maelezo yapo BRELA, yaani wakala wa usajili wa biashara, na mfumo wao wa mtandaoni unatosha. Kampuni si cheo. Mfanyabiashara binafsi wa bidhaa ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka anaweza kuanza na jina la biashara, akalipa kodi ya makadirio, yaani kiwango kinachopangwa kwa mauzo yake, bila kulazimika kupeleka hesabu zilizokaguliwa. Ukisajili kampuni, kodi ni 30% ya faida, makadirio ya kodi hiyo yanalipwa kwa awamu nne, hesabu lazima zipite kwa mhasibu aliyesajiliwa, na BRELA wanadai ritani ya mwaka. Yote hayo yanaendelea hata kama hukuuza kitu, na adhabu za kutowasilisha hujilimbikiza kimyakimya. Sajili kampuni pale unapoihitaji: mna wamiliki zaidi ya mmoja, mwekezaji anaingia, au mteja wako hafanyi kazi na mtu binafsi.

Na hao wamiliki zaidi ya mmoja ndio chanzo cha kesi nyingi kuliko kodi. Marafiki watatu wa chuo wanaanza, wanagawana hisa sawasawa kwa sababu kugawana vinginevyo kunaonekana kama kutoaminiana, na kabla ya mwaka kwisha mmoja anapata ajira ya serikali Dodoma. Haondoki kwa ugomvi. Anaagwa kwa chakula. Lakini theluthi ya kampuni imeondoka naye, ipo kwenye daftari la BRELA, na wawili waliobaki watafanya kazi usiku na mchana wakimtajirisha mtu aliyepo likizo. Dawa yake ni rahisi na inafaa iandikwe siku ya kwanza, mngali mnapendana: hisa ziive kidogo kidogo kwa miaka minne, yaani kila mmoja azipate kadiri anavyoendelea kufanya kazi, na atakayeondoka kabla ya mwaka mmoja aondoke bila hisa. Andikeni pia nani mwenye neno la mwisho mkigongana, na kazi zote za kiufundi, yaani programu, nembo na jina la tovuti, ziwe mali ya kampuni na si za aliyezitengeneza.

Mwisho kwa upande wangu, sheria za sekta. Ukigusa malipo au mikopo, unahitaji ruhusa ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, na hakuna mwekezaji makini atakayesogea karibu na jina lililo kwenye orodha ya namna hiyo. Ukikusanya majina, namba za simu na taarifa za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu. Na kanuni hubadilika ukiwa safarini: Julai 2021 ilikuja tozo ya miamala ya simu, ikashushwa Septemba mwaka huohuo; Aprili 2022 Uber ilisitisha huduma zake nchini baada ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuweka ukomo wa 15% kwa kamisheni inayokatwa kwa dereva, ikarejea Januari 2023 ukomo ulipopandishwa hadi 25%. Kampuni kubwa iliweza kukaa nje miezi yote hiyo. Kama faida yako yote imo katika asilimia chache ambazo mamlaka inaweza kuzigusa kwa tangazo moja, ujue hivyo kabla ya kuanza.

Karibuni kwa maswali na kwa kunipinga.

Mchangiaji wa Mwanza:

Ndugu mtoa mada, nakushukuru kwa uzi huu, lakini kuna jambo sikubaliani nalo. Ukimshauri kijana aanze na daftari na bajaji katika mtaa mmoja, mwenye mtaji mkubwa ataliona wazo lake, ataingia na fedha, atashusha bei na kumfuta sokoni kabla hajafika mtaa wa pili. Katika biashara hizi za teknolojia mwenye mbio ndiye mshindi, na hasara ya mwanzoni ni bei ya kuingia.

Mtoa mada:

Mkuu, hoja yako ni nzito na zipo biashara ambazo ni kweli kwake. Huduma inayozidi kuwa na thamani kadiri watu wanavyojiunga, kama kutumiana fedha, inahitaji kasi, na Safaricom walitandaza mawakala haraka sana baada ya 2007. Lakini tazama walikimbia baada ya nini: baada ya majaribio kuwaonyesha watu wanataka nini na watakubali kulipa kiasi gani kwa muamala. Kwa biashara ya kusafirisha vitu vizito na vinavyooza, wa kwanza kufika hana kinga yoyote, kwa kuwa mama lishe atamhama siku anapopata pungufu la shilingi 500. Huyo mwenye mtaji akija kushusha bei, wewe mwenye faida ya 1,000 kwa oda katika mtaa wako unaweza kusubiri fedha yake iishe. Mwenye hasara kwa kila oda hawezi kumsubiri mtu.

Niongeze kwamba hofu ya kuibiwa wazo huwazuia vijana kuzungumza na wateja, na hasara ya kutozungumza nao ni kubwa kuliko ya kuibiwa. Wazo la kuwapelekea mama lishe vitunguu wanalo watu wengi. Kujua kwamba fedha inachukuliwa saa tisa wanako wachache.

Mchangiaji wa Nairobi:

Asante sana kwa maelezo. Sisi tumeshafanya hesabu ya oda moja na tunapata faida ndogo. Kuna mwekezaji amejitokeza, anataka 25% ya kampuni. Tukubali, ama tutafute ruzuku kwanza?

Mtoa mada:

Ndugu yangu, siwezi kuwaambia mkubali au mkatae bila kuona vitabu, ila fanyeni hesabu ya mbele kidogo. Anayeuza hisa mara moja huwa atauza tena. Ukianza na 100%, ukauza 20%, baadaye 20% nyingine, kisha 15%, unabaki na 80, halafu 64, halafu 54.4. Hiyo ni kwa mwanzilishi mmoja. Mkiwa watatu, kila mmoja ana kama 18. Anayeanza kwa kutoa 25% kwa fedha ndogo anafika mapema pale ambapo mwekezaji wa pili anauliza kama waanzilishi bado wana sababu ya kuamka asubuhi. Na ulizeni fedha hiyo inakwenda kufanya kazi gani. Kama inakwenda kununua bajaji na mzigo, vitu vinavyojulikana vitarudisha kiasi gani kwa mwezi, mkopo unaweza kuwa wa bei nafuu kuliko hisa. Hisa zinafaa kwa jambo ambalo hamjui kama litafanikiwa.

Kuhusu ruzuku, nina maoni makali kidogo. Ruzuku na mashindano ya ubunifu yamesaidia wengi, hasa wale ambao bidhaa yao inahitaji utafiti wa muda mrefu kabla ya kuuzwa. Lakini yamezaa pia aina ya kampuni ambayo mteja wake halisi ni mfadhili: inajua kuandika maombi, inahudhuria kila mafunzo, ina mabango mazuri ya kusimamisha nyuma ya meza, na ukiangalia vitabu vyake mauzo ni ya kuhesabu kwa vidole. Ruzuku iandikeni kwenye mstari wake pekee, mbali na mauzo, msije mkajidanganya wenyewe kabla ya kuwadanganya wengine. Kwa walioko Tanzania, ipo pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri itokanayo na 10% ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata.

Mchangiaji wa Arusha:

Shikamoo mtoa mada. Mimi ni binti ninayeanza biashara ya kusindika viungo. Baba mdogo amenipa milioni 5 na hakutaka tuandikiane chochote, anasema mimi ni mwanawe. Nifanyeje?

Mtoa mada:

Marahaba, binti yangu. Mshukuru baba mdogo, kisha umwendee na karatasi. Usimwambie ni kwa sababu humwamini. Mwambie mhasibu anadai kuandika fedha hiyo katika vitabu na hajui aiandike wapi, jambo ambalo ni kweli tupu, kwa kuwa zawadi, mkopo na hisa ni vitu vitatu tofauti. Kama ni zawadi, aandike hivyo kwa mstari mmoja na sahihi yake. Kama ni mkopo, muandike utaanza kurejesha lini. Kama ni hisa, muandike ni asilimia ngapi. Wasiwasi wangu hauko kwa baba mdogo mwenyewe. Siku biashara yako itakapokuwa na jengo Njiro, wanaye watauliza baba yao aliweka nini humo, na wakati huo huenda yeye hayupo wa kujibu. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakutaja kwamba ndugu wa damu wamesamehewa daftari.

Na jambo jingine linalofanana na hilo: jilipe mshahara, hata wa laki mbili, na uuandike. Mwanzilishi asiyejilipa huchota. Leo nauli, kesho ada ya mdogo wake, keshokutwa mchango wa harusi, na mwisho wa mwezi hakuna ajuaye kama biashara ilipata hasara au ilikuwa na ukoo mkubwa. Ukiajiri, michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), ambayo kwa kawaida ni 10% kutoka kwako na 10% kutoka kwa mfanyakazi, pamoja na kodi ya mshahara, isikae kwenye akaunti ileile unayonunulia mzigo, kwa sababu itanunua mzigo.

Mchangiaji wa Mwanza:

Mkuu, nimekuelewa kuhusu kasi, ingawa bado nina langu moyoni. Swali langu la mwisho ni hili: mtu akijaribu ikashindikana, afunge lini, na anafungaje? Hili sijaona mtu akilifundisha.

Mtoa mada:

Ni swali zuri na ni kweli halifundishwi. Kuhusu lini, weka kiwango kabla ya kuanza, ukiwa na akili tulivu: kwa mfano, fedha ikibaki ya kulipa mishahara ya miezi miwili na hesabu ya oda moja bado ni hasi, tunasimama. Miezi hiyo miwili ina kazi yake. Ndiyo itakayowalipa wafanyakazi stahili zao, itamaliza madeni ya wasambazaji wadogo, na kurudisha amana za wateja. Anayefunga akiwa na sifuri huwafungia wengine pia, na hao ndio watakaokutana nawe tena sokoni utakapoanza biashara ya pili.

Kuhusu namna, usizime simu ukaondoka. Andika barua TRA kwamba umesitisha biashara, wasilisha ritani za mwisho, na uombe VAT ifutwe kama ulijisajili. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, irudishwe au iandikishwe kwamba haitumiki. Wajulishe NSSF kwamba huna wafanyakazi tena. Rudisha leseni halmashauri ili ada ya mwaka mpya isikuhesabie. Kwa kampuni, peleka BRELA maombi ya kuifuta. Kwa jina la biashara, peleka taarifa ya kusitisha. Kila hatua udai barua ya kupokelewa yenye muhuri na uzihifadhi pamoja na risiti zako za miaka yote, kwa sababu mkaguzi anaweza kuja baada ya biashara kufungwa, na atakapokuja hatakuta ofisi, atakutafuta wewe.